Mke wa Pili Anahesabika Lini? Jibu Liko Kwenye Ndoa ya Kwanza

Mtu mwenye jina na mali akifariki hapa Nairobi, mambo hufuata mkondo tuliouzoea. Tangazo la kifo linatoka redioni likitaja mjane mmoja. Kabla maiti haijaondoka mochari, anajitokeza mama mwingine na watoto wake, na ombi la kusimamisha mazishi limeshafika mahakama za Milimani. Jioni hiyo kila meza ya chai ina wakili wake. Mmoja anashikilia kwamba sheria ya 2014 iliruhusu mwanamume yeyote kuoa wanawake kadiri apendavyo. Mwingine anasema huyo wa pili ni mpango wa kando, hana haki hata ya kijiko. Wa tatu anaapa kwamba mkishaishi pamoja miezi sita, tayari ni mke na mume.

Wote watatu wamekosea, kila mmoja kwa njia yake.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mitala ni mume mmoja kuwa na wake wawili au zaidi kwa wakati mmoja, na wote wawe wake wa ndoa. Mpango wa kando haumo humo, hata ukidumu miaka 20 na kuzaa watoto wanne. Ndoa ya kimila ni ile inayofungwa kwa taratibu za jamii husika, iwe ni mahari, mbuzi wa ngurario kwa Wakikuyu, au ng'ombe waliopelekwa ukweni. Mali ya ndoa ni nyumba wanayoishi wanandoa, vyombo vyake, na kingine chochote walichochuma pamoja ndoa ikiwa hai. Mirathi ni mali anayoiacha marehemu. Hayo mawili ya mwisho watu huyachanganya sana, na tutakuja kuona kwamba hapo ndipo mamilioni yanapopotelea.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyotiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta mwezi Aprili, ilifuta sheria saba za zamani na kutambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya Kihindu, ya kimila na ya Kiislamu. Tatu za kwanza ni za mke mmoja tu. Mbili za mwisho zinahesabiwa kuwa za mitala, au zenye nafasi ya mitala, hata kama mume ana mke mmoja na hana haja ya mwingine.

Hapo ndipo penye ufunguo. Ndoa ya kwanza ndiyo inayoamua kama ya pili inawezekana. Ni kama leseni ya njia ya matatu. Gari lenye leseni ya Kawangware likikutwa linabeba watu Embakasi lina kesi, hata kama ni jipya na abiria wote wamepanda kwa hiari. Kwa hiyo yule anayesema "lakini mke wangu wa kwanza alikubali" anajibu swali ambalo sheria haikuuliza. Ukiwa na cheti cha kanisa au cha Msajili wa Ndoa pale Sheria House, ridhaa ya mke wako haikufungulii mlango wa mke wa pili. Ndoa hiyo ya pili ni batili, na Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuoa juu ya ndoa ya mke mmoja, lenye kifungo cha hadi miaka 5. Wanaoshtakiwa ni wachache mno, na nadhani ndiyo sababu watu wengi hawajui kosa hilo lipo.

Upande wa pili nao una mshangao wake. Ukiwa umeoa kimila au Kiislamu, sheria haihitaji ridhaa ya mke wa kwanza. Kipengele cha kumshirikisha kilikuwamo kwenye mswada, lakini Machi 2014 wabunge wanaume walikiondoa, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Ndipo ilipozaliwa ile kauli ya mitaani kwamba Bunge "limehalalisha mitala". Ukweli ni kwamba mitala ya kimila na ya Kiislamu ilikuwa halali tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba ndoa ya kimila iliingizwa kwenye daftari la serikali kama ndoa nyingine zote. Kabla ya hapo ilikuwa ikidharauliwa wazi. Mwaka 1917 mahakama ya wakoloni, katika kesi ya Amkeyo, ilisema ndoa ya Kiafrika ni ununuzi wa mke na haistahili kuitwa ndoa.

Yako maswali mengine matatu ambayo huulizwa sana mjini. Mtu aliyefanya ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, mwaka huu na harusi ya kanisa mwaka ujao, na mke yule yule, bado ana ndoa ya kimila? Hapana. Ndoa yake imegeuka kuwa ya mke mmoja, na ile kauli ya "mimi nilianza na mila" haitamsaidia. Je, mwenye wake wawili wa kimila anaweza kumpeleka bi mkubwa kanisani wapate cheti? Hawezi, kwa sababu ndoa ya mitala inaweza kugeuzwa kuwa ya mke mmoja pale tu mume anapokuwa na mke mmoja. Na yule aliyefunga ndoa kanisani kisha akasilimu ili aongeze mke? Kubadili dini hakuvunji ndoa. Ile ya kanisa inaendelea kumfunga mpaka mahakama itoe talaka.

Sasa tuje kwa hadithi ya miezi sita. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Kilichopo ni kanuni iliyojengwa na majaji kwamba watu wakiishi pamoja muda mrefu, wakijitambulisha mbele za watu kama mume na mke, mahakama inaweza kuwachukulia kuwa wameoana. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliikaza kanuni hiyo. Ilisema ni jambo la nadra, linalohitaji ushahidi wa muda mrefu wa kuishi pamoja, nia ya kuoana, hiari, na kwamba kila mmoja alikuwa huru kisheria kuoa au kuolewa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi, kwani mwanamume mwenye cheti cha kanisa hayuko huru, aishi na mwanamke mwingine miezi sita au miaka 30. Kesi yenyewe ilihusu mali iliyoko Dagoretti, na aliyedai kuwa kuna ndoa alikuwa mwanamume. Mahakama ilikataa kwamba kulikuwa na ndoa, lakini ikampa asilimia 30 ya mali hiyo kwa sababu ya mchango wake. Yaani unaweza kukosa ndoa na usikose jasho lako.

Dini zinasema nini? Kwa Waislamu, kikomo ni wake wanne, na aya inayotajwa ni ya 3 katika Suratun-Nisaa. Watu hupenda kuinukuu nusu. Aya yenyewe inaendelea kusema kwamba mkiogopa hamtafanya uadilifu, basi mmoja, na aya ya 129 ya sura hiyo hiyo inakumbusha kwamba hamtaweza kufanya uadilifu kamili baina ya wake hata mkipania. Wanavyuoni wengi huyaoanisha maneno hayo kwa kusema uadilifu unaodaiwa ni wa mambo yanayopimika: makao, matumizi, na zamu za kulala. Mapenzi ya moyoni hayapimiki. Mume anayelala siku tano Eastleigh na siku mbili South C, bila bi mkubwa kuisamehe zamu yake, amevunja sharti hata kama fedha anagawa sawasawa. Sheria ya Ndoa yenyewe inasema kipengele chake chochote kinachopingana na sheria za Kiislamu hakiwahusu Waislamu, na migogoro yao ya ndoa na mirathi inaweza kwenda kwa kadhi iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake.

Kwa Wakristo mambo yana kona zaidi kuliko mahubiri yanavyoonyesha. Yakobo alikuwa na Lea na Raheli, Sulemani alikuwa na wake 700, na hakuna mchungaji wa Nairobi asiyewahi kuulizwa swali hilo na kijana wa darasa la kipaimara. Kanisa Katoliki halina mjadala: mke mmoja. Waanglikana, katika mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth mwaka 1888, waliamua kwamba mwanamume wa mitala asibatizwe. Uamuzi huo ulileta mateso yasiyosemwa sana, kwa maana mume aliyetaka ubatizo ilimbidi awafukuze wake wengine, na wale wanawake wakarudi kwao na watoto bila kosa lolote. Miaka 100 baadaye, mwaka 1988, Lambeth ililegeza. Aliyeokoka akiwa tayari na wake wengi angeweza kubatizwa pamoja nao, kwa kukubaliwa na kanisa la mahali hapo, mradi aahidi kutoongeza mwingine wao wakiwa hai, na asishurutishwe kumwacha yeyote. Makanisa kadhaa ya Kiafrika yaliyojitenga na wamishonari yalikuwa yameshawapokea watu hao zamani, bila kungoja London.

Turudi kwenye mali, maana hapo ndipo mochari zinapogeuka mahakama.

Chukua mfano wa kubuni. Mzee ameoa wawili kimila. Bi mkubwa anaishi Umoja na ana watoto 2. Bi mdogo anaishi Kayole na ana watoto 5. Mzee amefariki bila wasia na ameacha ploti Kitengela yenye thamani ya shilingi 7,200,000. Wengi watakuambia kila nyumba ipate nusu. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika 1981, haisemi hivyo. Kifungu cha 40 kinahesabu vichwa: watoto wa kila nyumba, kisha kila mjane anaongezwa kama kichwa kimoja. Hapa ni watoto 7 na wajane 2, jumla 9. Kila kichwa ni shilingi 800,000. Nyumba ya Umoja ina vichwa 3, inapata 2,400,000. Ya Kayole ina 6, inapata 4,800,000. Bi mkubwa aliyezaa wawili anaona ameadhibiwa kwa kupanga uzazi, na sishangai.

Lakini subiri. Ploti hiyo ilinunuliwa lini, na kwa jasho la nani? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ambayo mume na mke wa kwanza waliichuma kabla ya mke wa pili kuja ni yao wawili tu, nusu kwa nusu. Bi mkubwa akithibitisha kwamba Kitengela ilinunuliwa enzi hizo, 3,600,000 ni zake mwenyewe na haziingii kwenye urithi kabisa. Kinachobaki kugawiwa ni 3,600,000 nyingine, 400,000 kwa kichwa. Umoja inapata 1,200,000 juu ya ile nusu, jumla 4,800,000. Kayole inapata 2,400,000. Mgao umegeuka kichwa chini miguu juu, kwa sababu ya tarehe iliyo kwenye mkataba wa mauziano. Ndiyo maana nasema risiti ya zamani iliyokunjwa ndani ya Biblia inaweza kuwa na thamani kuliko wakili mwenye sauti kubwa.

Mali iliyonunuliwa baada ya mke wa pili kuingia ni ya mume na wake zake wote, kila mmoja kwa kuangalia mchango wake. Mchango si fedha pekee, kwani kulea watoto, kutunza nyumba na kulima pia vinahesabiwa. Wake wanaweza vilevile kukubaliana na mume kwamba mali fulani ni ya mmoja wao na mume, wengine wasiiguse.

Kama mzee huyo angekuwa Mwislamu, na wazazi wake hawako hai, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Wake wote kwa pamoja, wawe mmoja au wanne, wanagawana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ya mali ikiwa marehemu ameacha watoto. Thumuni ya 7,200,000 ni 900,000, kila mjane 450,000. Zinazobaki, 6,300,000, ni za watoto, mvulana akipata mara mbili ya msichana. Tuseme wavulana ni 2 na wasichana 5: kila msichana anapata 700,000 na kila mvulana 1,400,000. Idadi ya wake haigusi fungu la watoto. Kila mke anayeongezwa anapunguza fungu la wake wenzake.

Kwa wasiofuata mirathi ya Kiislamu, mabinti wanarithi sawa na wana. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya familia ya mitala kutoka Bonde la Ufa ambapo nyumba moja ilikuwa na wasichana watupu, ilikataa hoja kwamba binti apewe kidogo kwa kuwa ataolewa.

Na yule mama aliyejitokeza mochari wakati marehemu alikuwa na ndoa ya kanisa? Kwa miaka mingi Sheria ya Mirathi ilimwachia upenyo. Kama alikuwa ameolewa naye kimila, angehesabiwa mke kwa ajili ya urithi, hata kama ndoa yake isingesimama mahali pengine popote. Novemba 2021 sheria hiyo ilirekebishwa ili mke au mume awe yule anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa, na mbunge aliyeleta mswada hakuficha kwamba shabaha ilikuwa wapenzi wa kando. Upenyo umekuwa mwembamba. Watoto ni habari tofauti. Mtoto wa marehemu ni mtoto, awe wa ndoa au wa nje, na akithibitisha hilo anaingia kwenye hesabu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kinachoamua mitala Nairobi leo ni kodi ya nyumba kuliko kadhi na jaji. Kijijini zamani, mke alipewa nyumba yake, ghala lake na shamba lake. Kwa Waluo, mikayi (mke wa kwanza), nyachira (wa pili) na reru (wa tatu) kila mmoja alijulikana mahali pake pa kujenga bomani. Alilima, akalisha watoto wake, na akabakiza. Mke wa ziada alikuwa mikono ya ziada juu ya ardhi iliyokuwapo. Serikali ya kikoloni ililijua hilo vizuri: kodi ya vibanda iliyoanza 1901 ilitozwa kwa kila kibanda, kwa hiyo mwenye wake watatu alilipa mara tatu.

Mjini hakuna shamba la kumpa mtu. Kuna nyumba ya kupanga, na nyumba mbili ni kodi mbili, mitungi miwili ya gesi, tokeni mbili za stima, na karo inayodaiwa Januari bila kujali ulilala wapi. Ndipo likazuka lile pangilio la mke mmoja ushago na mwingine Nairobi, ambapo wa ushago anatunza ng'ombe na wazazi wa mume, na wa mjini mara nyingi ana kibanda chake cha mitumba Gikomba na anajilipia kodi. Ukiwauliza, wengi wao watakwambia mume analeta unga anapopita. Hapo gharama ya mitala hailipwi na yule anayejisifu kuwa anaimudu. Haishangazi basi kwamba mitala inapungua: utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta takriban asilimia 16 ya wanawake walioolewa wako kwenye mitala mwaka 2003, na 11 mwaka 2014.

Kuna hoja moja isiyokufa, kwamba wanawake ni wengi mno, kwa hiyo wasipogawana wanaume watabaki bila waume. Sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi wanawake 2,204,376 na wanaume 2,192,452. Tofauti ni 11,924 katika jiji la watu milioni 4.4. Nchi nzima tofauti haikufika nusu milioni. Kinachoifanya mitala iwezekane ni umri: wanaume wanaoa wakiwa wakubwa na wanawake wanaolewa wakiwa wadogo, na katika nchi ambayo kila kizazi ni kikubwa kuliko kilichotangulia, wasichana wa miaka 22 ni wengi kuliko wanaume wa miaka 35. Hesabu hiyo inalipwa na vijana wa kiume wasio na fedha, wanaosubiri.

Kwa aliye ndani ya ndoa ya kimila, cha kwanza cha kufanya ni kuisajili. Sheria inataka Msajili ajulishwe ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, na vyeti vya ndoa za kimila vilianza kutolewa Agosti 2017. Si lazima mahari iwe imeisha, kwani sehemu ndogo iliyotolewa kama ishara inatosha kuwa ushahidi. Mke wa pili naye asajiliwe, jina lake likiwa pale pale.

Cha pili ni ile fomu ya sacco, ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka msiba ufike. Akiba na hisa za chama cha ushirika hulipwa kwa mtu aliyeandikwa humo, na mahakama zimesema fedha hizo haziingii kwenye mirathi. Wajane wawili wanaweza kupambana Milimani miaka kumi juu ya ploti ya Kitengela, huku akiba ya sacco ikiwa imeshakwenda kwa dada wa marehemu, aliyeandikwa mwaka ambao marehemu alikuwa bado kapera.